Mchezo Usiotaka Kwisha: Kwa Nini Michezo ya Video ya Leo Haiburudishi Kama ya Jana?

Utangulizi

Swali moja huzuka kila mara vijana wa rika langu wanapokutana na kuanza kukumbushana mambo ya utotoni: je, kwa nini michezo ya video ya siku hizi, pamoja na umaridadi wote wa picha na sauti zake, haiburudishi kama ile tuliyoicheza tukiwa wadogo? Aghalabu jibu hutolewa kwa mzaha, na mazungumzo yakageukia mengine. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa uzito linaoustahili.

Huenda msomaji akajiuliza mada kama hii ina uhusiano gani na jarida la Kiswahili. Uhusiano upo. Kwa watoto wengi wa mijini hivi leo, michezo hii ndiyo inayoishika nafasi iliyokuwa ya ngano na vitendawili vya jioni. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayeipuuza anapuuza jambo linalotendeka mbele ya macho yake. Fauka ya hayo, ninayo sababu ya kibinafsi, nami naomba radhi kuitaja.

Katika likizo ya Desemba, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11 alitumia shilingi 1,800 zilizokuwa katika simu ya mamake. Fedha hizo zilikuwa zimetengewa sare ya shule. Yeye alizinunulia visanduku vya bahati katika mchezo mmoja wa kandanda wa simu, yaani visanduku ambavyo mnunuzi havijui vina nini mpaka avifungue. Nilitumwa nizungumze naye, maadamu mjomba ndiye aliyedhaniwa kuyaelewa mambo hayo. Nilimwuliza iwapo angalau alizifurahia mechi alizocheza na wachezaji aliowapata. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mjomba, siku hiyo sikucheza. Nilikuwa nafungua tu."

Kauli hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Hoja yangu ni kwamba raha ya mchezo wowote husimama juu ya mihimili mitatu, nayo ni mwisho, usawa na hadhira. Michezo ya video ya zamani iliirithi mihimili hiyo kutoka kwa michezo iliyoitangulia, na mara nyingi bila kukusudia. Michezo mingi mikubwa ya leo imeing'oa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu za kibiashara ambazo zinaweza kuelezwa bayana.

Mchezo ni Nini?

Kabla ya kulaumu, sharti tuelewane kuhusu kile kinacholaumiwa. Mwanahistoria wa Kiholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alieleza kwamba mchezo ni tendo la hiari linalofanyika ndani ya mipaka yake ya mahali na wakati, kwa kanuni ambazo washiriki wote wamezikubali, na pasipo kutafuta faida ya mali. Mfaransa Roger Caillois, aliyeandika mwaka 1958, alimkosoa mintarafu ya hilo la mali, kwani kamari nayo ni mchezo. Hata hivyo, naye alishikilia kwamba mchezo huharibika pale mpaka baina yake na maisha ya kawaida unapobomolewa.

Sisi hatuhitaji kusafiri hadi Uholanzi ili tuyaelewe haya. Tulitazame bao. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, kila mchezaji akiwa na haki ya kete 32. Mchezo hukoma pale mmoja anapoishiwa na kete katika safu yake ya mbele, au anapokosa namna ya kucheza. Tajiri na maskini wakiketi barazani kulicheza, kete za tajiri haziongezeki kwa sababu ana duka. Na pembeni pao wapo watazamaji wanaoguna, wanaocheka na kumzomea aliyekosea, hata huwezi kusema kwa yakini mchezo ni wa watu wawili au wa baraza zima.

Kitendawili nacho kina muundo uo huo. Mtegaji huita, hadhira ikamjibu atege. Wakishindwa kulitegua fumbo, huomba wapewe mji. Akishapewa mji anaoukubali, husimulia jinsi alivyolakiwa huko, ndipo atoe jibu na zamu ihamie kwa mwingine. Mipaka ni wazi: pana mwanzo, pana kanuni, pana mwisho, na wote huingia wakiwa sawa. Kwa kigezo hiki, sasa tunaweza kuipima michezo ya video.

Mwisho: Baina ya Kwisha na Kukatizwa

Mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1985, una dunia 8, na kila dunia ina hatua 4. Jumla ni hatua 32. Programu yake nzima ilitoshea katika kilobaiti 40, nafasi ambayo haiwezi kuitosha hata picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo. Mchezaji akishaipita hatua ya 32, binti mfalme huokolewa na hadithi hufungwa. Muundo huu ni ule ule wa ngano za safari: shujaa hutoka, hukumbana na vikwazo, hushinda, hurejea. Mtoto aliyeumaliza aliweza kutangaza mtaani kwamba ameumaliza, na neno hilo lilikuwa na maana.

Ni kweli kwamba si michezo yote ya kale iliyokuwa na mwisho ulioandikwa. Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov jijini Moscow mwaka 1984, hauna binti mfalme wala hatua ya mwisho. Vipande huendelea kuanguka kwa kasi mpaka mchezaji ashindwe. Lakini huko kushindwa kwenyewe ndiko kulikokuwa mwisho, na ulikuwa mwisho wa haki kwa kuwa ulitokana na mikono ya mchezaji. Mnamo Desemba 2023, kijana mmoja wa Marekani mwenye umri wa miaka 13 aliucheza Tetris wa mashine ya Nintendo, toleo la mwaka 1989, hadi hatua ya 157, ambapo programu yenyewe ilishindwa kuendelea na picha ikasimama. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna binadamu aliyejulikana kuufikisha mchezo huo mahali hapo. Aliyemtazama kijana yule akitweta kitini, haamini macho yake, aliona bila kuelezwa kwamba furaha ya mchezo hukomaa pale unapofika ukingoni.

Ukingo huo sasa umeondolewa kwa makusudi. Michezo mingi mikubwa ya leo haiuzwi kama hadithi iliyokamilika. Huendeshwa kama huduma: hutolewa ikiwa na msimu wa kwanza, ukafuatwa na wa pili na wa tatu, kila msimu ukiwa na mavazi mapya, kazi za kila siku na zawadi za kumtuza asiyekosa kuingia. Fortnite, uliosambaa tangu Septemba 2017, ndio mfano mashuhuri zaidi. Grand Theft Auto V ulitolewa mwaka 2013 ukiwa na kisa chenye mwanzo na mwisho, lakini sehemu yake ya mtandaoni iliendelea kuingiza fedha mwaka baada ya mwaka, hata ukamalizika mwaka 2025 bila mrithi wake kutolewa.

Sababu ya mabadiliko haya si siri. Nyaraka zilizofichuka mahakamani nchini Marekani mwaka 2023 zilionyesha kwamba kuutengeneza mchezo mmoja tu, The Last of Us Part II wa mwaka 2020, kuligharimu takriban dola milioni 220. Kampuni inayotumia fedha kama hizo huogopa kumwuzia mteja mara moja na kumwacha aende zake. Humtaka abaki. Naye fanani anayelipwa kwa sababu hadhira haijaondoka, hana sababu ya kuifunga hadithi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mchezo usiokwisha bado hufa. Sony ilizindua mchezo uitwao Concord tarehe 23 Agosti 2024, ikaufunga tarehe 6 Septemba mwaka uo huo, baada ya majuma mawili tu, na kuwarudishia wanunuzi fedha zao. The Crew wa kampuni ya Ubisoft, mchezo wa mbio za magari wa mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 Machi 2024. Seva zilipozimwa, hata aliyekuwa na diski yake mkononi hakuweza kucheza tena. Tukio hilo lilichochea kampeni barani Ulaya ya kuzitaka kampuni ziache michezo ikiwa hai kwa walioinunua, na kufikia Julai 2025 ombi lao lilikuwa limepata zaidi ya sahihi milioni 1. Tofauti ninayotaka msomaji aizingatie ni ile iliyopo baina ya kwisha na kukatizwa. Ngano huisha kwa sababu imefika mwisho wake. Mchezo-huduma hukatizwa kwa sababu hesabu za fedha zimekataa.

Usawa: Mji Usionunuliwa

Katika kitendawili, mji hutolewa na aliyeshindwa, nao hupokelewa na aliyeshinda. Hebu msomaji afikirie kikao ambapo mtoto mwenye shilingi hamsini anaweza kununua jibu kutoka kwa mtegaji kabla wenzake hawajafikiri. Kitakachobaki hapo hakitakuwa kitendawili.

Biashara ya namna hii ilianza kwa vitu vidogo. Mnamo Aprili 2006, wachezaji wa The Elder Scrolls IV: Oblivion waliuziwa deraya ya farasi kwa dola 2.50. Watu wengi waliidhihaki deraya hiyo. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 2009, mchezo wa kandanda wa FIFA uliongezewa sehemu iitwayo Ultimate Team, ambapo mchezaji hujenga kikosi kwa kufungua pakiti za kadi. Pakiti hizo huweza kupatikana kwa kucheza sana, au kwa kulipa. Mwenye fedha hufungua nyingi, naye mwenye bahati hupata mshambuliaji mwenye kasi ambayo beki wa maskini hawezi kuifikia.

Mwezi Novemba 2017 kilio kilisikika kote. Wachezaji wa Star Wars Battlefront II walipiga hesabu na kuona kwamba kumpata mhusika Darth Vader kungehitaji takriban saa 40 za kucheza, ilhali visanduku vyenye kuongeza nguvu viliuzwa kwa fedha. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni husika iliusimamisha uuzaji huo usiku wa kuamkia uzinduzi. Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba visanduku vya bahati katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwemo, vilikiuka sheria ya nchi hiyo ya kamari. Vilevile, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani ili kuyamaliza madai mawili. Dola milioni 275 zilihusu faragha ya watoto, na milioni 245 zilihusu mpangilio wa vitufe uliodaiwa kuwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia. Ni haki kusema kwamba Fortnite huuza mavazi na mapambo, wala hauuzi nguvu za kushinda. Lakini mtoto anayechekwa na wenzake kwa kuvaa vazi la bure anajua kwamba usawa umeingia dosari.

Turejee sasa kwa mpwa wangu. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepewa chembe kwa kubahatisha hudonoa kitufe kwa ukaidi zaidi kuliko yule anayepewa kila mara. Kisanduku cha bahati kimejengwa juu ya maarifa hayo. Humfanya mtu aendelee, na kuendelea si sawa na kufurahi. Mtoto yule hakuwa na istilahi hizi, lakini aliitenganisha vyema mitendo miwili ambayo wazazi wake waliiona kuwa mmoja: kucheza na kufungua. Kucheza kunahitaji ustadi, na ustadi hukua. Kufungua hakuhitaji chochote ila fedha, na mtu hawi bora zaidi katika kufungua kesho kuliko alivyokuwa leo.

Hadhira: Kibanda na Benchi Lake

Katika kituo kimoja cha biashara viungani mwa Nakuru, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, palikuwa na kibanda cha mabati kilichokuwa na runinga mbili, mashine mbili za PlayStation 2 na benchi moja refu. Mechi moja ya kandanda ilikuwa shilingi 10, na kanuni ilikuwa kwamba mshindwa hulipa na kumpisha mwingine. Siku nyingi sikuwa na shilingi 10. Nilichokuwa nacho ni sauti. Nilikaa mwishoni mwa benchi nikaanza kuzitangaza mechi za wenzangu kwa kuwaiga watangazaji wa kandanda wa redioni. Niliwapa wachezaji majina ya kupanga, nikawasifu, nikawakejeli, na bao lilipofungwa nililirefusha jina la mfungaji mpaka pumzi ikakatika. Mwenye kibanda alijaribu mara moja kunifukuza kwa kuwa silipi. Wenye padi mikononi ndio walioniombea nirudi. Walisema mechi ilikuwa imepoa.

Nimekuja kuelewa baadaye, katika mihadhara ya fasihi simulizi, kwamba kile kilichokuwa kikitendeka pale kina jina. Utendaji haukamiliki bila hadhira, na hadhira ya fasihi simulizi si mtazamaji baridi bali ni mshiriki. Benchi lile lilikuwa sehemu ya mchezo. Aliyeshindwa aliaibika mbele ya watu aliowajua, na aliyeshinda alisifiwa na watu ambao kesho yake angekutana nao kisimani. Hata nyumbani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wengi wetu tulianza na zile mashine za bei nafuu zilizoigwa kutoka kwa Nintendo, zenye kaseti za njano zilizoandikwa kwamba zina michezo 9999 ilhali ilikuwa michache iliyorudiwarudiwa. Contra na Battle City iliwaruhusu watu wawili kucheza pamoja mbele ya runinga moja. Kaseti ilipokataa kuwaka tuliitoa na kuipuliza kwa zamu, kila mmoja akiamini kwamba pumzi zake ndizo zilizo na baraka.

Mtandao umeleta neema zake, nami sitazikana. Mtoto wa Nakuru anaweza kucheza na wa Mombasa au wa Dodoma. Lakini katika michezo mingi, programu ndiyo inayomteulia mtoto mpinzani, humkutanisha na mgeni asiye na uso, na mechi ikiisha mgeni huyo hutoweka. Wakati huohuo nafasi ya kuketi pamoja imepungua. Msururu wa Halo, uliosifika tangu mwaka 2001 kwa kuwawezesha marafiki kugawana kioo kimoja cha runinga, uliiondoa nafasi hiyo kabisa katika Halo 5: Guardians wa mwaka 2015. Kila anayetaka kucheza sharti awe na mashine yake, nakala yake na intaneti yake. Benchi limeondolewa, na mtangazaji asiye na shilingi 10 hana pa kukaa.

Je, Si Sisi Tuliobadilika?

Mhakiki mwaminifu sharti aikabili hoja ya upande wa pili. Wapo wasemao kwamba michezo haijaharibika, ila sisi tumekua. Hoja hii ina nguvu. Mtu wa miaka 28 mwenye tasnifu ya kuandika na kodi ya nyumba ya kulipa hawezi kuketi mbele ya runinga kwa moyo wa mtoto wa miaka 10. Aidha, kumbukumbu huchagua. Tunaikumbuka Super Mario Bros. na kuisahau E.T. ya Atari, iliyotolewa mwaka 1982 ikiwa mbaya kiasi kwamba nakala zake zilifukiwa katika jaa la taka jimboni New Mexico, zikafukuliwa mwaka 2014. Wingi nao una dhambi yake. Aliye na kaseti moja huikamua hadi tone la mwisho, ilhali aliye na michezo mia moja katika simu huionja na kuiacha.

Kuhusu fedha pia, si kweli kwamba zamani hazikuwepo. Mashine za sarafu za Marekani na Japani zilisanifiwa zimshinde mchezaji upesi ili atie sarafu nyingine, na kibanda chetu kilikuwa biashara. Tofauti ni hii: shilingi 10 zetu zilinunua nafasi ya kuketi, hazikumwongezea mshambuliaji kasi. Mlango ulilipiwa, lakini uwanja ulibaki sawa.

Vilevile, haifai kusema kwamba michezo yote ya leo imeoza. Stardew Valley wa mwaka 2016 ulitungwa na mtu mmoja, Eric Barone, nao umependwa na mamilioni. Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023 ulitolewa bila visanduku vya bahati, ukiwa na hadithi ndefu yenye mwisho, ukashinda tuzo kuu za mwaka huo. Mifano hii haiipingi hoja yangu bali huiimarisha, kwani pale mihimili iliposimamishwa tena, raha ilirejea, na picha nzuri hazikuwa kizuizi.

Katika likizo ya Aprili iliyofuata nilifanya jaribio dogo ambalo sidai kuwa ni utafiti. Nilinunua mashine kuukuu yenye kaseti ya Battle City, nikaiunganisha na runinga ya nyumbani. Mpwa wangu aliicheka picha yake. Jioni ya kwanza alicheza kwa adabu tu, ili asinivunje moyo. Jioni ya tatu yeye na binti wa jirani walikuwa wakipiga kelele hata mama yangu akatoka jikoni kuja kuona, na muda si muda naye alikuwa akiwaelekeza walinde ngome yao upande wa kushoto. Huyu ni mtoto asiye na utoto wa kuukumbuka, kwa hiyo raha ile haikuwa ya kumbukumbu.

Hata hivyo, siku ya tano alirejea kwenye simu. Nilimwuliza kama mchezo wa kaseti umemchosha. "Haujanichosha, Mjomba. Huu ni mzuri," alisema. "Lakini darasa lote liko kule."

Hitimisho

Jibu hilo la pili la mpwa wangu lilinifundisha kuliko la kwanza. Lilionyesha kwamba mtoto huweza kubaki katika mchezo asioufurahia kwa sababu wenzake wamo ndani yake. Hadhira, iliyokuwa chemchemi ya raha, imegeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mchezaji. Ndiyo maana haitoshi kumwambia mtoto aizime simu. Tunamwambia atoke barazani peke yake ilhali rika lake lote limeketi.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba malalamiko ya vijana kuhusu michezo ya leo si kilio cha wanaozeeka tu. Mchezo hufurahisha kwa kuwa una mwisho unaofikika, usawa usionunulika na hadhira inayoonekana. Palipo na upungufu wa haya matatu, ubora wa picha hauwezi kulijaza pengo. Mzazi anayeombwa fedha kwa ajili ya mchezo anaweza kuuliza maswali matatu mepesi kabla hajatoa nambari yake ya siri: Je, mchezo huu huisha? Mshindi wake hushinda kwa ustadi au kwa fedha? Na je, mtoto wangu anaucheza na nani?

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kazi iliyopo ni kubwa zaidi. Tumezoea kuchunguza dhima ya fanani na hadhira katika ngano zilizokusanywa vijijini, na kazi hiyo ni adhimu, iendelee. Lakini mbinu zizo hizo za uchambuzi zinaweza kuelekezwa katika vibanda vya michezo na katika simu za watoto wetu, ambako visa husimuliwa, mashujaa huundwa, majina ya kupanga hutungwa na matusi hubuniwa kila jioni, mengi yakiwa kwa Kiswahili. Vibanda kama kile cha kwetu bado vipo katika miji yetu, na lugha inayosemwa juu ya mabenchi yake ni hazina isiyo na mkusanyaji. Ikiwa darasa lote liko kule, basi mtaalamu wa fasihi simulizi naye sharti aende kule, aketi mwishoni mwa benchi, asikilize.